Kadi ya Bwana na Bibi Mrisho

Alhamisi, mwezi wa saba. Upepo umeamka kabla yetu, vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi, na mimi nina furaha na aibu kwa pamoja.

Shajara yangu, hii ni wiki ya kumi na moja tangu niwe mke wa Shabani. Asubuhi amenifunga vifungo vya sweta mwenyewe, kimoja kimoja, akisema baridi ya Mwankoko haina adabu kwa maharusi. Jamani, nimempata mume!

Nikiri mapema: kosa la wiki hii limetokana na mapenzi.

Kazi yangu kubwa kwenye steshenari ya Mama Neema ni kadi za harusi. Mteja analeta orodha ya majina. Nakopi jina, nalipesti kwenye kadi, naprinti, narudia. Majina mia mbili, vidole vinakufa ganzi. Nilikuwa nafika nyumbani hoi, Shabani ananikuta nimesinzia na mwiko mkononi. Basi yeye, anayefanya kazi intaneti kafe, akaniletea programu kwenye flashi. Unafanya kazi mara moja huku inakutazama, inakumbuka kila ulichobonyeza, kisha inarudia yenyewe mpaka orodha iishe.

Mara ya kwanza nilipiga kigelegele. Mshale ulitembea kwenye skrini bila mkono wa mtu! Mama Neema akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Sasa hapa nimeajiri nani, wewe au hiyo?"

Jumatatu mama mmoja alileta orodha ya harusi ya binti yake. Aliinakili kutoka ile ya harusi ya mwanawe wa kiume, mwaka juzi. Majina ya waume tu, wake hawakutajwa. Nikaifundisha programu iweke "Bw. na Bi." mbele ya kila jina, nikabonyeza, nikatoka nje kumpigia simu Shabani nimwambie nimemmisi. Tulikuwa tumeagana asubuhi ile ile, saa mbili.

Sikusoma hata jina moja.

Jana asubuhi, kadi zikiwa zimeshagawiwa, Mama Neema alinipokea mlangoni. "We binti, mashine yako imemfufua Mzee Mrisho!"

Mzee Mrisho tulimzika mwezi uliopita. Mkewe, Bi Zuhura, yuko ndani anakaa eda. Na Bi Zuhura kwangu si mtu wa mbali. Ndiye somo wangu, aliyeniweka ndani siku saba kabla ya harusi akanifundisha kuishi na mume. Kila ninachomfanyia Shabani kikamfurahisha, kimetoka kwake. Huyo ndiye niliyempelekea kadi inayomkaribisha yeye pamoja na marehemu.

Ningeandika mwenyewe, vidole vingefika kwenye jina lile vikasimama. Najua vingesimama.

Niliogopa kwamba amenifuta. Unaweza kuomba radhi kwa mteja yeyote, lakini somo akikutupa, utamwendea nani siku ndoa ikikuelemea?

Jioni nikaamua kumwendea. Shabani alitaka kunisindikiza, nikamkumbusha kwamba mwenye eda haonwi na wanaume wa nje. Nikaenda peke yangu. Nilimkuta kwenye mkeka, kadi iko mapajani.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Kaa. Mbona umenenepa? Huyo kijana anakulisha nini?"

Utani huo ndio ulionitoa machozi. Nikamweleza yote, programu, orodha, mpaka ile simu. Alinisikiliza bila kutikisa kichwa.

"Mashine haikuja msibani, mwali wangu," akasema. "Wewe ulikuja. Uliosha masufuria hapo uani siku tatu."

Nikajifuta machozi.

"Jina la mzee halijaniudhi. Nimelisoma tangu jana, silishibi. Kilichoniudhi ni kwamba zamu ya kunikumbuka ilifika kwako, ukatoka nje."

Hapo nilitamani mkeka unimeze. Halafu akanishika kidevu, kama zile siku saba.

"Hii naiweka. Kaniandikie nyingine, jina langu peke yake. Harusini siendi, najua. Nataka tu nianze kulizoea."

Nilirudi nyumbani, Shabani akajitolea kuifundisha programu isimame na kuuliza kwenye kila jina. Nimekubali. Siiachi programu, inanirudisha kwa mume wangu nikiwa na nguvu za kucheka. Lakini kuanzia sasa orodha nitaisoma kwanza kwa sauti, mteja akiwa mbele yangu, na nitauliza: huyu yupo? Mkewe hajambo?

Leo mchana nimeizima programu, nikaifungua ile kadi niiandike upya kwa vidole vyangu. Nilipofika kufuta "Bw. na", mkono ukagoma. Niliwaza kadi zote tutakazopokea mimi na Shabani, Inshallah ziwe nyingi, na kwamba ipo moja ambayo mtu atalazimika kufuta upande mmoja. Upande wa nani? Jibu lake silitaki.

Nikafuta. Nikaandika: Bi. Zuhura.

Kadi imetoka kwenye printa, wino bado mbichi. Naipuliza taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mgonjwa.