Apokee kwa Mikono Miwili

Morogoro,
Jumapili baada ya misa

Mume wangu mpendwa, Baba Novatus,

Nakusalimu kwa heshima, waitu, nikiwa nimekaa barazani kwa mwanao, miguu nimeinyoosha, na mkamwana wetu Adelina yuko jikoni ananichemshia chai bila kuambiwa. Umeamkaje huko Muleba? Ngiri bado inakusumbua ukibeba mikungu? Nilikukataza kubeba, na najua unabeba. Kibanja kimepaliliwa, au siku hizi ni shamba la kijiji tu mpaka migomba yetu imezama kwenye magugu? Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni nitakueleza.

Kwanza upate mazuri. Nikipita sokoni hapa hata wanawake wa rika langu wananiamkia, "Shikamoo, mama daktari." Mmoja alinijazia nyanya kwenye kikapu, akakataa kulipwa, kwa sababu Novatus alimtoa mwanawe uvimbe shingoni. Nilizipokea. Kwa nini nisipokee, nani alimzaa?

Na hili ukiwaeleza pale kanisani watanyamaza wote: mwanao anacheza gofu. Ni ule mchezo ambao Wazungu wa mkonge walikuwa wanacheza peke yao. Mpira wenyewe ni kama yai la njiwa, unapigwa kwa fimbo ya chuma, kwenye uwanja ambao kwetu ungetosha vibanja vya ukoo mzima. Sasa mashamba ya mkonge ni ya serikali na uwanjani anaingia kila mtu, mradi awe na viatu. Daktari mkuu, ambaye ni mkubwa wa Novatus, hucheza kila Jumamosi, na ndiye atakayechagua kijana wa kwenda ng'ambo kuongeza masomo. Kwa hiyo Novatus naye akatafuta fimbo kuukuu za Mzungu mmoja aliyerudi kwao, na kila jioni akitoka kazini anajifunza nyuma ya nyumba.

Ungemwona ungecheka mpaka hiyo ngiri ikuume. Analima. Anainua fimbo juu ya kichwa, anaishusha kama jembe, udongo unaruka, na mpira umekaa palepale unamtazama. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita akamwambia, "Daktari, kama kulima ndiko unakokutaka, njoo shamba la ujamaa, jembe tutakupa sisi." Tulicheka wote, na Novatus pia. Akanieleza kwamba mkubwa wake humwambia ashike fimbo kama ameshika kifaranga, asikibane kikafa. "Lakini vidole vinakataa, mama. Baba alinifundisha kukaza."

Nikakumbuka siku ile mnafungua kibanja kipya, unamwambia jembe lisiposhikwa kwa nguvu litageuka limkate mguu. Hajasahau. Nilijivuna, kusema kweli. Nikasema, hicho ni kiganja cha Muhaya, hakijui kifaranga.

Akaanza kutoka malengelenge. Nikampaka samli, nikamcheka kidogo, akasema wote wanaoanza huumia hivyo, yatakauka. Na yalikauka kweli. Maumivu yakaingia ndani. Kichwa cha ile fimbo, pale juu inaposhikwa, kinamkandamiza kiganja cha kushoto chini ya kidole cha mwisho, na ardhi ya hapa mvua haijaiona, ni ngumu kama tofali. Akiukosa mpira akapiga ardhi, mshindo wote unarudi hapo. Jioni moja nilikuwa nachambua mchele, nikasikia fimbo imelia vibaya. Nikatazama. Amesimama, mkono ameukumbatia kifuani, macho amefumba. Kisha akaiokota fimbo, akaendelea.

Kesho yake nikampa bakuli la uji, akalipokea kwa mkono mmoja.

Baba Novatus, huyu ni yule aliyerudi na digrii yake bado akapiga magoti mbele yako. Tangu ajue kusimama hajawahi kupokea kitu kwangu kwa mkono mmoja. Nikamwambia, "Umekuwa Mzungu sasa? Mimi ni mtumishi wako?"

"Nisamehe, mama." Akauleta na wa kushoto. Bakuli likainama, uji ukamwagika wote sakafuni. Adelina akaja na tambara akapangusa bila kuinua macho, na wala hakuuliza kilichotokea. Nikajua amekwisha kupangusa mengine kabla yangu.

Ndipo nikaanza kumwangalia. Tulipokuwa tunakula, sufuria ya ndizi imetoka motoni sasa hivi, ameegemeza mkono ule wa kushoto kwenye sufuria hiyo huku anatusimulia habari za wodini. Anasimulia, anacheka, na mimi nasikia harufu. Nikamvuta mkono. Ngozi ya kidole cha mwisho ilikuwa imeungua. Akakitazama kama kidole cha mtu mwingine, akasema, "Haikuwa moto sana."

Nikamwuliza, "Na watu unawapasuaje?"

"Unaokata ni wa kulia, mama."

"Na wa kushoto?"

Adelina akajibu akiwa mlangoni mwa jikoni, "Wa kushoto ndio unaoshika kile kisichotakiwa kukatwa."

"Adelina," akasema. Jina tu. Mwenzake akarudi jikoni.

Nikamsihi aende apigwe picha ya mifupa pale pale anapofanya kazi. Hataki. Anasema mkubwa wake akijua atampumzisha, na akipumzishwa ng'ambo ataenda mwingine. Ameninyamazisha kwa upole, unajua upole wake. Halafu akafurahi mwenyewe, akasema, "Ngoja baba aje. Nimeshaomba ruhusa, nitampasua mimi kwa mikono yangu."

Sasa unaelewa kwa nini barua hii naiandika mwenyewe kwa hati yangu ya darasa la nne, sikumpa Adelina aniandikie. Masista wamekuita hospitalini kwao mwaka hadi mwaka, ukasema hutalala mbele ya mkono usioujua, utamngoja mwanao asome. Nami nimetangaza tangu Muleba hadi Bukoba mjini kwamba mume wangu atapasuliwa na mtoto wake. Hakuna mlango ambao sikubisha kuyasema hayo. Nikisema usije, nitarudi huko na uso gani? Na yeye nitamwambia nini?

Basi nilifikiri hivi. Uje. Uje na kifurushi cha kahawa yetu ya kutafuna, uifunge vizuri kwenye jani, ukifika umpe mwenyewe mkononi kabla ya kukaa. Akiipokea kwa mikono miwili na vidole vyote vikafumba, lala mezani kwake, Mungu atakuwepo. Akiipokea kwa mmoja, sema safari imekuchosha, unataka kurudi nyumbani.

Nisalimie dada yangu Paskazia wa Izimbya, mwambie kitenge chake nimekipata. Msalimie shemeji yangu, mdogo wako Leopold, aache pombe ya rubisi siku za kazi. Msalimie katekista, na jirani yetu Ma Koku aliyeniombea safari njema. Mjukuu wetu wa kwa binti yetu Editha mbusu kwa niaba ya bibi yake.

Nilikuwa nimemaliza hapo. Novatus ameingia sasa hivi kuniletea bahasha, ananiuliza, "Unamwandikia baba? Mwambie asikawie, nimempangia siku." Akanipa bahasha kwa mkono mmoja. Wa kushoto aliuficha mfukoni, na alikuwa anatabasamu.

Baba Novatus, acha habari ya kahawa. Usipande meli. Nenda kwa masista wiki hii, ulale mbele ya huo mkono usioujua, ngiri isikae tena. Ukishapona nitamwambia kwamba ilikuzidia ghafla. Na yeye, mimi sitaondoka hapa mpaka ausogeze mkono huo mbele ya mkubwa wake, hata kama itabidi nimpeleke kwa kumshika sikio.

Wakikuuliza pale kanisani kwa nini hukungoja, waambie mwanao ana wagonjwa wengi mno, foleni haijafika kwako. Sema kwa sauti.

Ni mimi mkeo akupendaye,
Mama wa daktari,
Veronika