Mavyaa Ashuka Shimoni

Jumapili, Muyeye. Mvua imeanza alfajiri na haijakata mpaka saa hizi za jioni. Nguo nilizofua jana zingali mbichi kwenye kamba ya ukumbini, uani kumejaa maji, na mimi nacheka peke yangu kama niliyeokota mkufu wa dhahabu.

Mwongozo wangu umepita.

Naandika tena kwa raha zangu: umepita.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, kuna mchezo mmoja wa kompyuta, wa zamani, usio na picha hata moja. Ni maneno matupu. Kompyuta inakwambia uko kwenye ukumbi wa mawe na mbele yako pana mlango, nawe unaandika unachotaka kufanya: chukua, pigana, kimbia. Unashuka shimoni ghorofa baada ya ghorofa, unakumbana na mazimwi, na ukifa unaanza upya. Mimi na mwenzangu Karisa, mtu wa Adu niliyesoma naye chuoni, ndio tulioutia Kiswahili. Yeye alishika programu, mimi nikashika maneno.

Mwaka huu mchezo umebadilishwa sana na mwongozo wa mchezaji ukawa umepitwa. Milango si ile, vyakula siku hizi vinaoza, na wenye maduka wa humo chini wamekuwa walafi. Nimekaa miezi nikiandika upya kila ukurasa. Nilipomaliza, mkuu wa mradi, mzee wa ng'ambo anayejitolea kama sisi, akanipa sharti. Apatikane mtu asiyewahi kuugusa mchezo huu, apewe mwongozo peke yake, asisaidiwe kwa neno wala ishara, akifa aanze upya, ashuke ghorofa ya tatu na arudi juu na taa iliyofichwa huko. Ikifika leo jioni hajaweza, toleo jipya linatoka bila mwongozo wa Kiswahili.

Mtu huyo nitamtoa wapi? Rafiki zangu wote wanaujua mchezo. Mume wangu Salim yuko kazini Mombasa. Nyumbani tumebaki mimi na mavyaa, mamake Salim, aliyekuja kutoka Mambrui kutibiwa goti.

Nikiri kwamba sikutaka kumwomba. Mavyaa ni mtu wa heshima zake, na tangu aje ananiona nimeinamia kompyuta tu. Siku moja aliniuliza kama kazi hiyo ina mwisho. Hakuuliza kwa ubaya, lakini liliniingia. Leo nimwambie avae miwani akapigane na mazimwi? Niliona atampigia mwanawe simu amwambie mkeo ameharibikiwa.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikajikaza nikamwambia. Akataka kujua kama kuna picha za aibu humo ndani. Nikamwambia hakuna picha kabisa. Basi lete, akasema, goti hili limenichosha kukaa.

Lo, alianza vizuri! Alisoma mwongozo taratibu, kidole kwenye mstari. Akaokota mkate, akawasha mwenge, akamkwepa popo mkubwa kama anayemkwepa jirani mwenye maneno mengi. Mimi nilikuwa pembeni nachambua mchele, najifanya siangalii.

Kisha akafika mlangoni.

Toleo hili limeleta amri ya kubisha. Kama ndani mna mwenye duka, atakufungulia. Usipojibiwa, unajua hamna wa kukuuzia kitu, unasukuma mlango unaingia. Nami nilikuwa nimeandika wazi kabisa kwamba kabla ya kuingia, bisha. Mavyaa akabisha. Kimya. Akabisha tena, kimya. Akabisha mara ya tatu, akangoja, kisha akageuka akarudi alikotoka.

Mlango uliofuata, vivyo hivyo. Na mwingine, na mwingine. Alasiri nzima mavyaa wangu alizunguka ghorofa ya kwanza akiwapigia hodi mazimwi na kuondoka kwa adabu zake, mpaka mkate ukamwishia na kompyuta ikaandika: Umekufa kwa njaa.

Akavua miwani.

"Wenyewe hawapo," akaniambia. "Nimebisha mara tatu, mwanangu. Sasa ulitaka niwaingilie?"

Nilikwenda jikoni nikafunga mlango. Hasira zilinipanda, tena juu yake yeye, mtu mzima wa watu asiye na kosa. Nilijiambia ningempata mtu mwingine yeyote kazi yangu ingekuwa imekwisha. Nikampigia Karisa nimlalamikie.

Badala ya kunihurumia, Karisa alicheka mpaka akakohoa. Kumbe tangu toleo la majaribio litoke, wachezaji wa huku kwetu wamekuwa wakimwandikia kwamba milango haifunguki. Amehangaika na programu siku nyingi akitafuta kosa na halioni. Akaniambia kwao Adu hata mlangoni hufiki. Unasimama nje unaita, na usipoitikiwa unakwenda zako. Yeye mwenyewe alipoanza kucheza alikuwa akisita kila mlango, ila hakutaka kunieleza nisije nikamcheka.

Programu haikuwa na kosa lolote. Watu wetu walikuwa wanafanya walivyolelewa.

Mwongozo wangu ndio uliowaacha nje. Ule wa Kiingereza hausemi ufanye nini ukinyamaziwa, kwa sababu aliyeuandika haoni kama hilo ni swali, nami nikamfuata unyounyo. Mimi! Niliyechapwa na mama yangu kwa kuingia kwa jirani kabla sijaitikiwa karibu.

Jana nimeshinda na ukurasa mmoja tu. Nimeupa jina Adabu za Shimoni. Nimeandika kwamba humu hamna mwenyeji wala mke wa mtu, na hakuna stara ya mtu utakayoivunja. Aliyejenga shimo hili alikufa zamani na hakuacha mrithi. Kubisha ni kwa ajili ya wenye maduka, kwa hiyo ukibisha ukanyamaziwa, sukuma mlango uingie, hakuna atakayekuhesabu mkosa adabu. Hilo la mrithi niliandika kwa ajili ya mavyaa hasa, maana alikuwa ameshaniuliza atajitetea vipi mwenye nyumba akirudi na kumkuta chumbani.

Nilipousoma mwisho nilijua ni mzuri. Sijawahi kuandika kitu nikajua namna ile.

Leo baada ya chai na mahamri, mavyaa alivaa miwani mwenyewe, sikumwambia. Akausoma ukurasa ule, akarudia. Mlango wa kwanza akabisha, kimya, akasema bismillahi, akasukuma. Zimwi hilo! Akalitwanga rungu, likaanguka, naye akaendelea na safari kama aliyeua mende.

Ghorofa ya pili stima ikakatika. Kompyuta ikabaki na betri yake kuukuu, nami nimekatazwa hata kumwambia afanye haraka. Na alikuwa dukani. Mwongozo unasema ukikataa bei, mwenye duka hushusha. Mavyaa akakataa, akashushiwa, akakataa tena. Maskini yule mwenye duka hakujua amekutana na nani. Mimi mchele ulikuwa umeshachambuliwa ukatakata, nikawa nauchambua upya.

Aliingia ghorofa ya tatu, akaipata taa nyuma ya jiwe, akapanda ngazi zote bila kupotea. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inaanza pale kompyuta ilipoandika: Umetoka salama.

Nikalia. Sioni haya kusema. Nililia kwa sauti, mpaka mavyaa akaniuliza nani kafa.

Nilimwandikia mkuu wa mradi yote yaliyotokea, na jibu lake limekuja alasiri, stima iliporudi. Mwongozo umekubaliwa wote. Halafu akaongeza jambo ambalo mpaka sasa nalisoma na kulisoma: ananiomba ukurasa wa Adabu za Shimoni niutie Kiingereza, kwa kuwa wao hawana kitu kama hicho na anaona walipaswa kuwa nacho. Miaka yote hii nimekuwa nikichukua maneno ya watu nikayaleta kwetu. Leo wameomba ya kwangu. Acha nijivune kidogo, nitarudi chini kesho.

Akauliza pia jina la mwandishi liandikweje ukurasa wa mbele. Mavyaa alikuwa ameketi karibu yangu, miwani ingali usoni. Nikaandika langu, kisha nikafuatisha la Salim, kwa kumheshimu mamake. Akasogea akasoma kwenye kioo.

"Futa hilo," akasema. "Salim kafanya nini humu? Andika la baba yako aliyekusomesha."

Nikafuta, nikaandika la baba.

Baba yuko Gede, anauza nazi na makuti kando ya barabara. Kwa nazi hizo nimesoma mpaka chuo, na hajawahi kuniuliza nilisomea nini hasa. Sasa jina lake liko mbele ya kitabu kitakachosomwa na watu asiowajua, mahali asipopajua. Mvua ikikata asubuhi nitakwenda nimwonyeshe. Nimekaa hapa najiuliza nitaanzia wapi kumweleza, na je, ataniuliza lolote, au atafuta mikono kwenye shuka lake, alitazame tu jina lile mpaka macho yachoke?