Hotuba ya Joelle

Jumatatu, 5 Machi 2018

Wamekuja kweli. Malori ya filamu yameegeshwa nje ya ukumbi wa shule, juu ya theluji iliyochafuka, na mji wetu huu mdogo wa jimbo la Iowa unajifanya hauyaoni. Filamu ni ya kampeni ya urais: msaidizi kijana anamsaliti bosi wake katikati ya mkutano wa uteuzi na kuwahamisha wafuasi wake kwa mpinzani. Anayemwigiza msaidizi huyo ni Joelle — Joelle ninayeishi naye chumba kimoja chuoni, mwaka wa tatu sasa. Walipotafuta watu wa kujaza umati, jina la kwanza alilolitaja ni langu. Nani mwingine angenikumbuka?

Jumatano, 7 Machi

Sisi katika mikutano hii ya uteuzi hatuna kura ya siri. Kila mgombea ana kona yake. Watu husimama kwenye kona ya wanayemtaka, na majirani huvutana hadharani mpaka kundi dogo livunjike. Wazee wa umati wetu wamefanya hivyo humu humu ukumbini tangu ujana wao. Ndiyo maana kazi imekwama leo. Joelle alitoa hotuba yake. Kwenye maandishi ya filamu, umati unavuka kwenda kona ya mpinzani. Umati haukuvuka.

"Vukeni, jamani," alisema mwongozaji, Bi Corinne.

"Hajatushawishi," akajibu Verlyn, daktari wa meno.

"Mzee, haya ni maigizo."

"Najua, mama. Lakini mke wangu yuko kona ile, ananitazama. Nikivuka kwa hotuba ile, nitasimangwa mpaka Pasaka."

Ninawahusudu watu hawa. Hata kwa kuigiza, miguu yao haichukuliwi bure.

Wakati wa mapumziko Joelle aliniomba nimwoneshe — mimi ndiye mtu wa maandamano na vipaza sauti. Nikapanda benchi. Maneno yale yale, kwa moto wangu. Nilikusudia kumfundisha, nadhani nilikusudia hivyo. Kona nzima ikavuka, Verlyn mbele.

"Haya, huyu nimemwelewa," akamwambia mkewe.

"Wewe umeelewa sauti tu," mkewe akamjibu.

Joelle alipiga makofi kuliko wote. Bi Corinne hakupiga. Alikuwa ananitazama.

Alhamisi, 8 Machi

Bi Corinne aliniita garini mwake. Mwanamke wa kustaajabisha, hapambi neno. Nafasi ni yangu kuanzia kesho. Joelle anarudi kwenye umati. Nisimwambie — atamwambia yeye mwenyewe asubuhi, maana hataki macho yaliyovimba kwenye picha. Nikamwuliza kama hiyo ni haki.

"Ni filamu nzuri," alisema.

Mimi, niliyehutubia juu ya haki kwenye ngazi za maktaba mpaka walinzi wakanijua kwa jina! Nilikubali kabla hajamaliza kahawa yake.

Jioni Joelle alikula mkate wa nyama ya kusaga akiwa wima, akiirudia hotuba kwa mtindo wangu.

"Vipi, dada? Nimekaribia?"

Nikamwambia amekaribia. Alikuwa amekaribia kweli. Ningeweza kumfikisha. Nikafungua kitabu.

Ijumaa, 9 Machi

Mapumziko ya chakula. Naandika kwenye ngazi za ukumbi, mlango uko wazi, nimevaa koti la bluu la msaidizi. Asubuhi Joelle alilikuta mwilini mwangu. Bi Corinne alimweleza kwa sentensi mbili. Joelle akaniuliza jambo moja.

"Ulijua jana?"

Nikaitikia kwa kichwa. Angeweza kwenda nyumbani. Hakwenda, akaingia kwenye umati, mgongo umenyooka. Sijapata kumheshimu mtu namna ile.

Kamera zikaanza. Nilihutubia vizuri kuliko Jumatano — vizuri mno. Wakavuka wote, hata mke wa Verlyn. Akabaki Joelle, peke yake katika kona tupu, mikono mfukoni.

"Vuka, binti," Verlyn alimwambia, kwa upole.

"Niko sawa hapa, mzee."

Bi Corinne hakusimamisha kamera. Amefurahi, tukio lote amelibadilisha. Baada ya chakula tunaendelea kutoka hapo hapo: watu wote upande wangu, yeye peke yake kule, nami nimshawishi avuke. Bila maandishi. Akivuka, filamu inabaki yangu. Asipovuka, itaishia kwenye uso wake.

Joelle hajatoka kula. Mke wa Verlyn amempelekea sahani, naye anakula palepale aliposimama, bila haraka, kama mtu aliye kwake. Hakuna mle ndani ninayemstahi kumshinda yeye.

Wanatuita. Sentensi ya kwanza nimekwisha kuipata. Inaanza na jina lake.