Bendera Nyekundu ya Bwana Kelepi

Neiafu, Vavau
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu mpenzi Fane,

Nakuamkia dada, wewe pamoja na shemeji na watoto, nikiomba barua hii ikukute una afya na baridi ya Oklandi isiwe imekuingia kifuani tena. Sisi huku tu wazima. Goti la Mama linamsumbua kama kawaida yake, lakini leo kanisani ameimba hadi kuwashinda vijana. Baba anakuagiza uvae soksi. Nguruwe wa jirani wamefukua tena viazi vikuu vyetu. Mimi ningali karani wa ofisi ya meli, jambo ambalo mwezi uliopita nisingethubutu kukuandikia kwa uhakika.

Asante sana kwa kifurushi, na hasa kwa ule mfuko wa mpira wa maji ya moto. Nimeufuata ushauri wako wote. Nikiwa kwenye siku zangu nalala mapema, kahawa nimepunguza, jioni natembea hadi kanisani hata kama mwili hautaki, na nakunywa chai ya majani ya mchungwa kama Bibi alivyotuzoesha. Yale machozi yanayokuja bila kuitwa nayaacha yapite, nisijilaumu. Maumivu yalipungua kweli. Ila uliponiuliza kwenye simu mbona moyo wangu bado mzito, nilikujibu kuwa ni uchovu. Haukuwa uchovu, dada. Alikuwa Bwana Kelepi.

Huyu ndiye karani mkuu wetu. Ndiye pia aliyekuwa aandike kwa makao makuu kama niajiriwe moja kwa moja na kupewa dirisha la tiketi, au muda wangu wa majaribio ukiisha nirudi nyumbani kuchimba viazi. Kwa hiyo nilimwogopa. Akikohoa, mimi nilisimama.

Siku moja aliniona nikimimina maji ya birika kwenye mfuko wako, kisha nikiuficha tumboni chini ya mkeka wa kiunoni tunaojifunga kazini kwa heshima, maana unajua mkeka ule ukikaza siku kama hizo unavyotesa. Akatabasamu, nami nikadhani ni huruma. Kumbe alikwenda stoo, akatoa kitambaa chekundu kilichobaki kwenye bendera kuukuu ya meli, akakitundika dirishani upande wa gatini. Makuli wakamuuliza kuna nini. Akawajibu kwa sauti ya kuhubiri kwamba kimbunga Lesieli, yaani mimi, kimetua ofisini, vyombo vidogo visitoke.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila nilipojaza mfuko, alipandisha bendera. Nikipita gatini, makuli waliniuliza kama mawimbi yametulia. Mmoja alijifanya kushikilia nguzo asipeperushwe na upepo. Bi Lavinia, msaidizi wa Kelepi, alimwambia siku moja kwamba utani huo haufai. Kelepi akamjibu kwamba bahari yake Lavinia ilikauka zamani, anyamaze. Mimi aliniambia nicheke na mimi, nisiwe na roho ya kizee. Akaongeza kuwa anafikiria sana habari ya lile dirisha, kwani abiria hawawezi kuhudumiwa na mtu anayechafuka kila mwezi.

Nilicheka, dada. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alisema cheka, nikacheka. Kisha nikaenda kulia chooni, na chai ya mchungwa haikunisaidia kitu.

Sasa nikueleze yaliyotokea Alhamisi ya wiki iliyopita. Bahari ilikuwa shwari, unaweza kujitazamia uso. Meli ilikuwa imefunga gatini, abiria wamejaa na mikeka yao, na watoto, na nguruwe wao wa harusi. Nikajaza mfuko wangu, nikauweka chini ya mkeka wa kiunoni. Bwana Kelepi akaniona, akapiga makofi. “Haya jamani, birika limelia!” Bendera ikapanda. Makuli wakasogea dirishani, mmoja akamwuliza bosi leo wimbi la kiasi gani. Akasema la kuzamisha mtumbwi na mwenye mtumbwi, na asinisogelee mtu, nitamng’ata.

Kicheko chao hakijaisha, mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Atelaite.

Huyu ni dada yake Kelepi, mkubwa wao, anayekaa Holonga. Alikuja na mikeka yake ya harusi ya mpwa wake, asafiri na meli ile. Kicheko kilikatika kama uzi. Makuli wakatazama miguu yao. Dada, unakumbuka siku ile muuguzi alipokuwa akieleza mambo ya hedhi redioni, mara Shangazi akaingia bila hodi? Baba na unene wake wote alitoka kupitia dirishani, sahani mkononi. Hakuna mwanamume wa kwetu atakayekubali jambo lile litajwe yeye na dada yake wakiwa chini ya dari moja, na hakuna mtu wa nje atakayethubutu kulitaja mbele yao. Na ujue Kelepi mbele ya Mama Atelaite si karani mkuu. Ni kijana wa kutumwa, kama Baba anavyokuwa Shangazi akija.

Mama Atelaite akakitazama kile kitambaa. Akamwuliza ndugu yake bendera ile ni ya nini. Kelepi akasema ni kitambaa tu. Akaulizwa kwa nini kitambaa tu kimetundikwa wakati watu wanasafiri. Akaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Mama Atelaite akanigeukia mimi. Nilimjibu kwa adabu kwamba bendera ni ya Bwana Kelepi, yeye ndiye huipandisha, na yeye ndiye ajuaye maana yake.

Ndipo Kelepi akasema kuna dhoruba.

“Dhoruba? Bahari hii?” Akasema naam, dada, inatoka kusini, kubwa. Mama Atelaite akashukuru Mungu kwa kumpa ndugu mwangalifu, akatoka nje. Alisimama gatini na mkeka wake kiunoni akawatangazia abiria kwamba karani mkuu, mtoto wa mama yake, amesema dhoruba inakuja na bendera ile pale. Nani angembishia? Watu walibeba mikeka, watoto na nguruwe wao wakarudi makwao.

Nahodha alikuja mbio, uso umemwiva, akiuliza ni nani aliyewafukuza abiria wake. Mama Atelaite, ambaye alikuwa amesharudi na kuketi kwenye kiti cha Kelepi, akasema ni ndugu yake, kwa sababu ya dhoruba. Nahodha akatazama bendera, akanitazama mimi. Anaujua utani ule, ameucheka mara nyingi. Alifungua kinywa aseme, akamwona Mama Atelaite, akakifunga. Makuli nao waliujua, nao walinyamaza. Dada, nilisimama pale katikati ya wanaume wote walionicheka, kila mmoja jibu liko mdomoni mwake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kulitema. Nilitamani siku ile isiishe.

Meli iliondoka karibu tupu. Mama Atelaite alikataa kwenda, akasema atangoja dhoruba pamoja na ndugu yake. Akaketi. Kila baada ya muda alimtuma dirishani, nenda Kelepi, angalia, imefika? Naye alikwenda, akatazama jua linavyowaka, akarudi akasema bado, dada. Nenda tena. Bado, dada. Hadi tulipofunga ofisi.

Alipoinuka, yeye mwenyewe alikishusha kile kitambaa. Akakikunja vizuri, akaja akakiweka mapajani mwangu. Akanigusa pale tumboni juu ya mkeka, akasema polepole kwamba maji yakipoa niyabadilishe. Sijui alijua kiasi gani. Sikuuliza.

Makao makuu walipiga simu siku iliyofuata kuuliza dhoruba hiyo iliripotiwa na nani. Kelepi angesema kweli, ingemlazimu aeleze bendera, na maneno kama hayo hapa kwetu yangefika Holonga kabla ya chakula cha jioni. Akachagua kuwa mwongo. Wamempeleka ghalani kuhesabu magunia ya kava, ile mizizi ya kinywaji. Bi Lavinia anakaimu nafasi yake, na taarifa yangu ameiandika yeye. Dirisha la tiketi ni langu.

Sasa nikuambie ambalo hata Mama hajui. Siku zangu zilikuwa zimekwisha wiki mbili kabla ya Alhamisi ile. Sikuwa na maumivu hata chembe. Mama Atelaite aliagiza tiketi yake kwa simu, nami ndiye niliyeipokea, na ndiye niliyemwambia jua ni kali, asipange foleni nje, aingie ndani kwa ndugu yake apumzike. Kisha nilimngoja. Nilipomwona anakunja kona na mikeka yake, nikamimina maji ya moto kwenye mfuko, nikiwa mzima kama chuma, nikahakikisha Kelepi ananiona. Hayo mengine aliyafanya yeye kwa mikono yake.

Naogopa, dada. Ofisini mlango ukigongwa naruka. Juzi Kelepi alinifuata ghalani nilipopeleka funguo, akanizuia njia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama siku ile nilikuwa mgonjwa kweli. Nikamwambia, “Swali hilo uniulize mbele ya dada yako, Bwana Kelepi.” Alinipisha.

Abiria waliocheleweshwa nawaombea kila jioni, na Mungu anajua nawaomba radhi. Yeye simwombi. Ukiniona mbaya, nikaripie, lakini sitabadilika.

Jana siku zangu za kweli ziliingia, na tumbo linaniuma nikiandika haya. Nimelala mapema, nimekunywa chai, nimetembea hadi kanisani. Na mfuko wako nimeushonea gauni ili usiniunguze ngozi. Ni kitambaa chekundu, kizito, kinatunza joto ajabu. Naukumbatia tumboni, natazama bahari kupitia dirishani, na moyo wangu, dada, ni mwepesi.

Ukimaliza kusoma, choma. Mbusu kila mtoto shavu la kulia na la kushoto, mpe shemeji mkono wangu, na ukipata nafasi ututumie uzi mwekundu, huu wangu umekwisha kabla ya pindo.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukuogopa,
Lesieli