Springi ya Nyuma

Jumamosi, baada ya chakula

Lami haitoki kwenye kucha hata kwa mafuta ya taa, na kesho tunambatiza mtoto.

Nililisogeza gari, lile marehemu baba alilonunua kwa mlowezi wa kahawa, juu ya shimo la kuivishia ndizi nipate kuingia chini yake. Mke wangu alikasirika. "Baba Anaeli, ndizi zangu zitanuka lami mpaka lini?" Nikamwahidi kuchimba shimo jingine.

Nikakwangua tope na kutu, nikaanza kupaka lami chini ya gari kuzuia kutu. Kwenye springi ya nyuma burashi ikakwama. Springi ilikatika zamani, na baba aliifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ikakauka ikawa ngumu kama chuma. Na nilipokuwa mtoto alitupeleka hivyo hivyo hadi kwenye maziwa ya Momela, akiimba njia nzima! Mimi nilidhani anaimba kwa furaha tu...

Nikamwita mama achungulie. "Ulijua?"

"Ngozi niliiloweka mimi," akasema. "Unadhani kwa nini nilikupakata upande wa pili?"

Mimi siwezi kuimba juu ya springi iliyokatika. Kesho tutakwenda kanisani kwa miguu.