Chandarua Ulichonipa Nkowe

Dada yangu Somoe,

Ningekuambia mimi mzima wa afya, lakini tangu nikae hapa na kalamu nimeshajipiga makofi manne miguuni. Jua halijazama vizuri na hawa washenzi wameshafika. Basi chukua hivi: nipo Nachingwea mjini, nashona nguo kwenye baraza ya kupanga, nina pumzi, na mbu wananila kama zamani. Wewe sijui kama u mzima. Namba yako ya mwisho naipiga kila Ijumaa, na kila Ijumaa yule mwanamke wa mtandao ananiambia haipatikani. Ndiyo maana barua hii nimeiandika wazi, na kila ninayesikia anavuka kwenda Msumbiji nampa nakala. Atakayeisoma aisome. Akikujua, akupe.

Unazikumbuka jioni za Lionja? Tumekaa mkekani uani, baba, mama, wewe, mimi, majirani wawili watatu wamekuja kupiga soga, na mbu wote wanapita juu ya vichwa vya watu wanakuja kwangu. Nikisimama, wanasimama. Nikihamia upande wa pili, wanahama nami. Majirani walishaona faida yangu. "Mwekeni Rehema hapa karibu, na sisi tupumzike." Nikilia wanacheka, halafu yule anayejifanya ana huruma anasema, "Mtoto huyu ana damu tamu." Tamu gani, jamani? Sukari yenyewe nyumbani tulikuwa tunaionja siku ya Idi! Wewe ndiye uliyekuwa unawanyamazisha. Unanifunika miguu kwa kanga yako, unaikunja mpaka vidoleni, halafu, kwa uchokozi wako, unaninong'oneza, "Siku mbu wakikukosa watapita nyumba kwa nyumba wanakuulizia." Nacheka huku nalia. Hajatokea mwingine wa kunichekesha nikiwa na hasira, na hasira zangu unazijua.

Na ile siku ya maganda ya korosho! Mama alikuwa anachoma korosho juu ya bati, moshi mkali unatoa watu machozi, nikamsikia akisema moshi ule mbu hawausogelei. Nilikuwa na miaka saba na akili zangu mwenyewe. Nikawaza, kama moshi tu unawafukuza, mafuta yenyewe si yatawamaliza kabisa? Nikaokota maganda mabichi, nikayaponda kwa jiwe, nikajipaka miguu yote miwili kuanzia gotini. Mtoto gani wa Kusini asiyejua kwamba mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi? Nilijua. Ila kuwashwa kulishanichosha, nikaona afadhali kuungua. Kesho yake miguu ilikuwa malengelenge matupu. Mama alinigombeza mpaka sauti ikamkauka. Wewe hukunigombeza. Ulinipaka mafuta ya ufuta, na wiki nzima ukanibeba mgongoni hadi shule, msichana mkubwa wa darasa la saba, wenzako wanakuzomea njia nzima. Nikakuuliza, "Dada, mimi mzito?" Ukasema, "Mzito, tena ukiongea unaongezeka. Nyamaza." Nikanyamaza, nikalaza shavu kwenye bega lako. Makovu ninayo bado, na nikiyaona nakukumbuka wewe, siyakumbuki maumivu.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Ulipoolewa Nkowe nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alinifungia nguo zangu kwenye kanga, akasema nikufuate, nisome huko na nikusaidie kuchota maji, bibi harusi asiwe mpweke kwa watu. Shemeji alikuwa mtu wa machimboni, anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Tukabaki wewe na mimi, na mama mkwe wako kwenye nyumba yake ng'ambo ya uwanja. Ulipopata mimba ukaenda kliniki, ukarudi na chandarua kipya kwenye mfuko wake, kinanukia dawa, kama wanavyopewa akina mama wote wajawazito. Ulikilalia siku moja tu. Asubuhi ulinikuta nimekaa kizingitini na sare ya shule, najikuna, jicho moja limevimba mpaka limefumba, naona aibu kwenda kuchekwa. Niliporudi mchana nilikuta chandarua kimetundikwa juu ya kitanda changu cha kamba, kwenye kile chumba cha kuwekea ufuta.

"Na wewe, dada?"

"Mimi mbu hawanitaki. Hujaona?"

"Na mtoto?"

"Mtoto yuko ndani, ana nyumba yake. Chukua, usibishane na mkubwa wako."

Sikubisha. Leo nasema ukweli wote: nilifurahi kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza maishani niliamka bila kipele hata kimoja. Shemeji alipokuja ulikifungua ukakirudisha chumbani kwenu, na alipoondoka ukaniletea tena. Hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili.

Mvua za mwaka ule zilipochanganya, homa ikakushika. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Tulikufikisha zahanati juu ya baiskeli, wewe unatetemeka, mimi nakimbia nyuma na chupa ya uji, na jioni ile mtoto akatoka akiwa hana uhai. Asubuhi nesi alikuja na daftari lake. Mama mkwe wako alikuwa amesimama palepale miguuni pa kitanda, na mimi nimekaa chini na ile chupa.

"Ni malaria," nesi akasema. "Chandarua tulichokupa unakilalia?"

Ulinitazama, dada. Kidogo tu. Kisha ukamgeukia yeye.

"Nakilalia."

"Kila siku?"

"Kila siku, nesi."

Nami nikakaa kimya. Nilijua kabisa nini cha kusema na nikakaa kimya, kwa sababu nilimwogopa yule mama na niliogopa kurudishwa Lionja. Mbu wote wale waliokuwa wananiandama mimi, na aliyeugua ukawa wewe. Hilo mpaka leo sijalielewa, na aliyesema kikulacho ki nguoni mwako naona alikuwa ananitaja mimi.

Uongo wako ulinikinga mimi, ukakumaliza wewe. Mama mkwe wako alipiga hesabu yake: mwanamke amelala ndani ya chandarua kila siku, mimba imetoka hivyohivyo, basi tumbo lake lina kasoro. Alilisema kisimani, akalisema msibani, akamjaza mwanawe maneno mpaka yakamkolea. Mwaka haukuisha ukapewa talaka. Tulirudi Lionja juu ya gari la mizigo, wewe umekalia godoro lako, na hukunilaumu hata kwa jicho. Msimu mmoja ulikaa nasi. Watu wakaanza kukuita mgumba mbele yako. Ndipo ukafuatana na wale wanawake wanaochuuza vitenge, ukasema unakwenda Msumbiji mara moja utarudi kwa Ramadhani. Ramadhani ngapi zimepita, dada?

Nimeolewa. Hukuwepo. Mume wangu ni fundi pikipiki, mtu wa mizaha, na tangu alale nami mara ya kwanza anawaambia wenzake gereji, "Mimi nina mke, chandarua cha nini?" Kila mtu hapa ananipa dawa. Kula kitunguu saumu. Paka mwarobaini. Vaa nguo nyeupe. Nimekula, nimepaka, nimevaa, na bado naketi kwenye cherehani mguu mmoja unakanyaga pedali na mwingine unaukuna mwenzake, mshono unakwenda upogo, wateja wananuna. Ningevumilia yote hayo kama ungekuwepo wa kunicheka.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki. Ndiyo, dada, nina mimba. Nesi akanipa chandarua kwenye mfuko wake, kipya, kinanukia dawa ileile, na mimi nikaanza kulia pale dirishani mbele ya wanawake wote mpaka wakadhani nimepewa majibu mabaya. Niliporudi mume wangu akataka kufanya mzaha wake, akaniona uso, akaacha. Ndipo nikamsimulia. Nilikuwa sijamsimulia binadamu yeyote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo unayoniambia mimi yananihusu nini? Wa kuambiwa wako Nkowe." Jumapili akanipakia kwenye pikipiki, tukaenda polepole kwa ajili ya tumbo.

Nilimkuta mama mkwe wako uwanjani anamenya mihogo. Amezeeka. Shemeji ameoa, ana watoto, anaishi kwingine. Yule mama alinikaribisha kwa Kimwera, akanitazama, akahamia Kiswahili.

"Wewe nani, mwanangu?"

"Rehema, mama. Mdogo wake Somoe."

Kisu hakikusimama. Akanisogezea kigoda. Nikakaa, nikasema yote bila kupumzika: kitanda cha kamba, chumba cha ufuta, shemeji akija na akiondoka, nesi na daftari lake. Nikamwambia, "Dada yangu hakuwa na kasoro yoyote. Kasoro nilikuwa mimi. Aliniachia chandarua chake nami nikamwacha asingiziwe." Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Nilitaka anitukane, wallahi, ningepumua.

Alimaliza muhogo wake. Akauweka kwenye maji. Akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja, na nikaona machozi yanamshuka hayafuti.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi nilikuwa mtu mzima, wala sikumuuliza." Kisha akanishika goti. "Nataka kumwomba radhi kabla sijafa. Yuko hai?"

Nilifungua mdomo, dada, na sikuwa na la kumwambia. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya pikipiki, naye akaangalia chini. Yule bibi akaendelea kunishika goti, ananisubiri.

Ninajifungua kabla ya msimu wa korosho. Sikuombi uje kunilea, ingawa nakutaka kuliko ninavyoweza kuandika. Sikuombi unisamehe leo. Mkono ukikataa kuandika, tuma mtu aje na tusi lako, nitalipokea kwa mikono miwili. Ila jibu, dada yangu, nikamwambie bibi yule kwamba upo hai.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba,

Rehema