Majina kwenye bunduki ya babu

Jumanne usiku, kisha kula

Sitamupa. Baba mudogo ametoka Butembo kuchukua bunduki ya babu, ile ya kuwindia nguruwe wa pori, eti haiwezi kubakia kwa mwanamuke.

"Masika, ilete. Nitaificha ndani ya gunia ya makala ya kupikia, nipite nayo Kibumba."

"Baba mudogo, nani anatoa makala Goma kuyapeleka Butembo? Bariyeri ya kwanza tu barabarani, waaskari watakuua."

Akakasirika. Eti namufundisha safari.

Naogopa, siwezi kujidanganya. Waaskari wanapekua nyumba kwa nyumba, na bunduki iko chini ya kitanda changu.

Lakini kwenye kitako chake cha mti, kila muzee alichonga jina la mutoto wake wa kwanza. La mwisho ni langu. Papa alilichonga mbele ya huyu huyu baba mudogo.

Basi kesho natafuta musumeno. Chuma kitaingia chooni, vipande vipande. Kitako kitakaa juu ya meza ya salon, pale wageni wanakaa, anayetaka akisome.

Chini ya jina langu kuna nafasi. Jina la binti yangu litaenea pale. Kisu ninacho.